Mtani Aliyeahidi Kurudi Ijumaa

Nyinyi mlioniuliza pale uwanjani Jumamosi, na nyinyi mlionipigia simu mkajifanya mnanijulia hali, sikilizeni. Nitasema mara moja, tena kwa maandishi, maana nikisimulia kwa mdomo Mama Doreen hunikatiza kila ninapovuta pumzi. Mnataka kujua ilikuwaje watu wanne tuliotoka Kibaha tukicheka tukarudi kila mmoja amejiinamia. Mnataka kujua pia kwa nini Maganga, ambaye bila yeye msiba ulikuwa hauchangamki, siku hizi akifika msibani anakaa nyuma na kunywa chai yake kimya.

Kwa wageni wa kikundi chetu cha mazoezi, niwatambulishe. Maganga ni fundi majokofu wa Maili Moja, Mnyamwezi wa Tabora, mwenye mdomo usiojua kupumzika. Mama Doreen anauza vitenge sokoni, ni Mchaga, Mlutheri, na kwaya yao ikikosa sauti yake inakuwa kama chai bila sukari. Kondo ni karani wa halmashauri, Mzaramo, mwenyeji wa huku huku, na wazo la safari lilikuwa lake. Mimi mnanijua: Mwalimu, jiografia, mwanamke wa Kipare. Yale ya Upare mnayoyasema nimeshayasikia.

Magindu: pwani isiyo na bahari

Kondo alituambia tutaitembea Pwani kwa miguu, kutoka Magindu mpaka Kisarawe, kwa njia ya zamani ambayo babu zake waliifuata wakipeleka asali na kurudi na chumvi. Alimaanisha Mkoa wa Pwani. Mama Doreen alisikia pwani. Tuliposhuka Magindu asubuhi ile, wote tumevaa raba na suruali za mazoezi, yeye alikuwa na kofia pana ya ukili, ndala za rangi ya waridi na khanga mbili za kuogelea. Akasimama katikati ya ng'ombe waliokuwa wanavuka barabara, akatazama huku na huku.

"Kondo, bahari iko upande gani?"

"Bahari gani, Mama Doreen?"

"Si ulisema tunatembea Pwani?"

"Pwani ndiyo hii."

"Hii ni Pwani ya halmashauri," Maganga akamwambia. "Ukitaka ile yenye maji kapande treni."

Tulimcheka mpaka wachungaji wakaanza kucheka nasi bila kujua sababu. Yeye mwenyewe alinuna kwa muda, kisha akanunua raba za mtumba kwa mama mmoja pale pale kituoni, za kiume, zinapwaya, na kwa kweli ndiye aliyetembea vizuri kuliko sote. Kofia hakuivua. Nasema haya ili mjue tulianza tukiwa watu wa kawaida wenye furaha.

Jua la huko halina mzaha. Mashamba ya ufuta na mihogo yanakwenda mpaka macho yanachoka, kisha pori la miiba, kisha ng'ombe, kisha tena ufuta. Kwenye boma moja mama mfugaji alitupa maziwa ya kibuyu yenye harufu ya moshi, akakataa kabisa kutwambia Gwata ni mbali kiasi gani. Kila tulipomuuliza alijibu, "Mtafika." Tulifika jioni miguu ikiwaka. Tulilala kwa mwalimu mwenzangu niliyesoma naye chuo, ambaye mkewe alitupikia kunde za nazi ambazo hata sasa nikizikumbuka mate yananijaa.

Ilikuwa hapo Gwata ambapo simu ya Kondo ilipata mtandao, na ujumbe uliokuwa unamtafuta tangu asubuhi ukaingia. Mjomba wake, Mzee Kibwana wa kitongoji cha Nyamlele, ng'ambo ya mto, amefariki na ameshazikwa. Jumanne ndiyo wanaanua tanga. Kondo alikaa chini kwenye kizingiti, akasoma tena ule ujumbe.

"Ni njiani," akasema baadaye. "Kama hamtajali."

Nani angejali? Tukampa pole, na Maganga akamshika bega akamwambia kwa upole, "Mtani wako nipo. Nitamzika upya mzee wako kwa heshima." Mnajua Wanyamwezi na Wazaramo ni watani wa tangu enzi za misafara. Kwa Kondo lile neno lilikuwa faraja, maana kwao msiba bila mtani ni kama umedharauliwa.

Mto Ruvu: mtu hasemi jina la mwenyewe

Mto tuliukuta umejaa, maji ya rangi ya chai ya maziwa, yanakwenda haraka bila kelele. Mwenye mtumbwi alikuwa ng'ambo. Tulimpigia mbinja, tukapunga kofia ya Mama Doreen, naye akatupungia mkono vizuri sana, kisha akalala. Tulikaa kwenye majani tukila mihogo ya kuchemsha iliyobaki mpaka jua lilipoinama ndipo akaja. Maelezo yake yalikuwa kwamba alidhani tunamsalimia.

Kabla hatujapanda alitupa sharti moja. Tukiwa juu ya maji tusimtaje yule mnyama kwa jina lake. Tuseme "mwenyewe" tu, kama kuna haja ya kumsema.

Mnamfahamu Maganga. Tulipofika katikati, mtumbwi unayumba na mimi nimeshika ukingo kwa mikono miwili, akauliza kwa sauti ya kanisani, "Samahani mtani, hivi humu mamba wapo?"

Yule mzee akaacha kupiga kafi. Mtumbwi ukaanza kuchukuliwa na maji, taratibu, na yeye anamtazama Maganga bila hasira yoyote.

"Mnyamwezi wewe?"

"Wa Tabora kabisa."

"Nimejua. Huo mdomo wako, mtani, utaita mpaka siku moja utaitikiwa."

Akaanza tena kupiga kafi. Maganga alicheka peke yake. Mimi sikucheka, kwa sababu moja tu: siogopi majini wala mizimu lakini maji nayaogopa, sijui kuogelea.

Nyamlele: "Abee"

Jumanne tulipofika, msiba ulikuwa na watu wengi. Majamvi yametandikwa nje, sufuria tatu jikoni, harufu ya pilau na moshi wa kuni mbichi. Tulipokewa vizuri, Kondo akalia na wajomba zake, na sisi wanawake tukapelekwa uani kuchambua mchele.

Huko uani ndiko nilikojua habari ya mjane. Bi Chausiku alikuwa ndani, amekaa eda, na wanaume wasio maharimu hawakuruhusiwa kumwona. Kati ya chumba chake na sebule kulikuwa na pazia zito la kijani. Alikuwa na ugonjwa wa sukari na kidonda mguuni kisichofunga. Mwanawe wa pekee, Athumani, fundi wa kuchomelea mageti kule Kisarawe, alikuwa ameambiwa na daktari kwamba mguu ule usipotibiwa upesi utakatwa. Shehe alishasema eda haimzuii mtu kwenda kutibiwa. Mama mwenyewe alishakubali. Jumatano asubuhi Athumani angemchukua kwa gari la kuazima. Nilifurahi kusikia hivyo, maana nimeona watu wengi wanaofia ubishi.

Baada ya dua na chakula wakamwita mtani. Maganga alikuwa anasubiri kama bibi harusi. Wanawake wakamletea kofia ya marehemu na bakora yake, wakamfundisha: Mzee Kibwana alichechemea mguu wa kushoto, alikohoa kidogo kabla ya kusema, na hakuwahi kuingia nyumbani kwake kwa mlango wa mbele, siku zote kwa uani. Maganga akaanza. Nimemwona akifanya utani kwenye misiba mingi, lakini siku ile alikuwa amejaliwa. Alizunguka majamvi akichechemea, anagonga bakora, anadai kahawa, anawauliza waombolezaji wamekula mbuzi wake kwa ruhusa ya nani. Watu walicheka mpaka machozi, yale yale machozi yaliyokuwa yakiwatoka asubuhi kwa sababu nyingine. Mimi nilicheka pia.

Kisha akaingia sebuleni kwa mlango wa uani, akasimama mbele ya pazia. Sisi tulijazana mlangoni. Akakohoa kidogo.

"Chausiku," akasema. "Usifunge mlango wa uani. Nakuja Ijumaa. Unipikie bada ya muhogo na kambale wa nazi."

Kicheko kilipasuka. Kilipoanza kutulia, sauti ikatoka nyuma ya pazia, si kubwa wala si ndogo, sauti ya mke anayeitwa na mumewe akiwa jikoni.

"Abee. Nitapika."

Sijui niwaelezeje jinsi kicheko kinavyokufa kwa watu wengi kwa pamoja. Mwanamke aliyekuwa mbele yangu alijifunika uso kwa khanga. Maganga alibaki amesimama na bakora yake, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue nikamwona hana neno.

Dada wa marehemu, mwanamke mfupi mwenye sauti nzito, alimvua kofia kichwani, akamchukua bakora, akamtoa nje kwa mkono.

"Baba, kwa utani utasema lolote," akamwambia. "Utamtukana, utamdai, utalala kwenye kaburi lake. Lakini huahidi. Maiti hana ahadi. Na hata kama angekuwa hai, ahadi gani hiyo isiyo na Inshallah?"

"Nilisahau, mama. Mimi ni Mkristo."

"Hukusahau. Hukujua. Ndiyo maana sikukasirikii."

Njia ya porini

Tuliondoka kesho yake mapema, kabla gari la Athumani halijafika. Njia inapanda na kushuka katikati ya mikorosho iliyozeeka, kisha inaingia kwenye msitu mdogo ambako jua linafika chini vipande vipande. Kawaida Maganga hutembea mbele akiimba. Siku ile alitembea nyuma. Tulipopumzika niligundua anachechemea.

"Malengelenge," akasema.

Mama Doreen, ambaye amelea watoto watano na haamini neno la mtu, akamvua kiatu na soksi pale pale. Mguu ulikuwa mzima. Akaubonyeza kisigino, kifundo, vidole. Hakuna kitu.

"Unaumwa wapi?"

"Siumwi. Unakuja tu wenyewe."

Ulikuwa mguu wa kushoto. Mimi niliwaambia ni mambo ya akili. Mtu akiigiza kitu siku nzima mwili unakizoea, hata wanafunzi wangu wakimwigiza mkuu wa shule hushindwa kuacha. Nilisema kwa ufasaha mkubwa. Kondo alinitazama tu, akainuka, akaendelea na njia.

Mchana tulipita karibu na nyumba iliyojitenga, ua wa makuti, na ndani ya ua mzee ameketi kwenye kigoda akisuka mkeka. Macho yake yalikuwa na ukungu wa uzee. Tukampa shikamoo kwa pamoja, sisi watatu wa mbele. Maganga alikuwa nyuma kidogo, kimya.

"Marahaba, wanangu, marahaba. Mnatoka wapi?"

"Nyamlele, mzee. Tunakwenda Kisarawe."

"Haya, nendeni salama." Akainua uso, akatazama nyuma yetu. "Na wewe Kibwana, ndiyo ukimya gani huo? Unanipita hata salamu hunipi?"

 Ni mimi niliyejikaza, maana ndiyo kazi ya mwalimu, nikamweleza kwamba Mzee Kibwana amefariki, na huyu ni rafiki yetu, anaitwa Maganga.

"Kafa?" Yule mzee akaweka ukili chini. "Innalillahi. Lini?" Nikamwambia. Akatikisa kichwa kwa muda mrefu. "Basi nisameheni. Macho yamekwisha. Huyo wa nyuma yenu ni nani, na huyu anayemfuata?"

Nilimjibu kwamba wa nyuma kabisa ni Maganga, hakuna mwingine. Akasema haya, akarudi kwenye mkeka wake. Tulitembea mpaka nyumba ile ikawa haionekani tena, na wala hatukukubaliana jambo, lakini tangu pale tulimweka Maganga katikati. Alikubali bila kutania. Mzee haoni, na Maganga anachechemea. Hayo nilijiambia, na mpaka leo ni maelezo mazuri. Ila nilikuwa naogopa. Nasema wazi ili msije mkasema nimejitia ushujaa.

Milio ya fimbo iliyotufuata baada ya hapo sitaizungumzia sana. Kondo aliisikia. Mama Doreen aliisikia, akaanza wimbo wa kwaya na hakuumaliza. Mimi nilisikia kitu kinagonga ardhi kavu, taratibu, na pori lina vitu vingi vinavyogonga.

Kisarawe

Alhamisi jioni tuliingia Kisarawe tukitokea kijiji cha Masaki. Upepo wa vilimani ulikuwa unapuliza, maofisi yamefungwa, mabasi ya mwisho ya Dar yanaita abiria. Tulipaswa kuwa na furaha ya watu waliomaliza safari. Tulikula chipsi na mishikaki kwa mama mmoja mcheshi aliyetuuliza kama tumetoka kwenye ugomvi. Mama Doreen alikuwa anafungua soda ya pili Athumani, aliyeambiwa na Kondo kwa simu kwamba tumefika, alipotutokea.

Nilidhani amekuja kutushukuru kwa kuja kuhani msiba. Hakukaa hata alipokaribishwa.

"Mama amekataa kuja," akasema.

Jumatano alifika na gari, mama akamwambia kupitia pazia kwamba hawezi kuondoka. Baba yako amesema anakuja Ijumaa. Nikiondoka, akija nani atampakulia? Leo amekwenda tena na shangazi yake na shehe, jibu ni lile lile. Mama amemtuma binti wa jirani amtafutie kambale mtoni. Mguu umeanza kunuka. Daktari alipoambiwa hakusema mengi, alisema tu kwamba wiki ikipita wasijisumbue kumleta.

"Na Ijumaa ikipita na baba asije," Athumani akasema, "ataanza kusubiri Ijumaa nyingine. Mimi namjua mama yangu." Kisha akamgeukia Maganga. "Kaka, mimi sina ugomvi na wewe. Utani ni utani. Lakini aliyefunga ndiye anayefungua. Mimi siwezi, shehe hawezi. Ni wewe."

Maganga alisukuma sahani yake pembeni. Hakula mishikaki ile, na mtu anayemjua anaelewa maana yake.

"Nitasemaje?"

"Utamwambia ni wewe uliyesema, siyo yeye."

"Na asiposadiki?"

 Athumani, kijana mwenye mikono ya chuma, alikuwa anazungusha ufunguo wa gari bila kuacha. Nilimwonea huruma mpaka nikasahau miguu yangu. Nikasema tutakwenda sote.

Kurudi

Tulipanga tufike mapema Ijumaa, kabla ya alasiri, ili Maganga aongee naye siku ikiwa bado haijafika mwisho. Mipango ni yetu. Mvua ilinyesha usiku kucha, barabara ya vumbi ikawa uji. Gari likazama mara ya kwanza, tukalisukuma. Likazama mara ya pili, tukasubiri trekta. Mama Doreen alipoteza raba moja ya kiume kwenye tope na akaendelea na ndala zake za waridi. Tulipoona mikorosho ya Nyamlele jua lilikuwa limeshazama na adhana ya magharibi imekwisha. Athumani alikuwa anaendesha huku akijifuta macho kwa kiwiko.

Mlango wa uani ulikuwa wazi. Binti wa jirani alikuwa amekwenda kwao kuleta mkaa. Athumani alibaki garini kwanza, kwa sababu alipozima injini hakuwa na uhakika kama itawaka tena, na pia, nadhani, hakutaka kusikia. Tukaingia sebuleni sisi wanne. Taa ndogo ya sola ilikuwa inamulika pazia la kijani. Mbele yake mkeka umetandikwa, na juu ya mkeka sinia limefunikwa kwa kawa, na jagi la maji ya kunawa.

"Shikamoo, mama," Maganga akasema.

"Marahaba. Karibuni."

Maganga akapiga magoti sakafuni, mtu mzima yule. Akasema yote aliyoyapanga. Kwamba yeye ni Maganga, Mnyamwezi, fundi. Kwamba maneno ya Jumanne yalikuwa yake, ya kuchekesha watu, na marehemu hakuyasema wala hakuyatuma. Kwamba anamwomba radhi yeye na mwanawe, na anamwomba akatibiwe mguu.  Bi Chausiku alimwacha mpaka mwisho.

"Umemaliza, baba?"

"Nimemaliza, mama."

"Wewe una sauti ya Kitabora. Hata mtoto mdogo asingedanganyika. Ulipoingia na bakora nilicheka na wenzangu."

Maganga akatutazama, kisha akatazama pazia. "Sasa, mama, ulimngoja nani?"

"Uliposema Ijumaa," akajibu, "kuna mtu nyuma yako alisema Inshallah. Huyo ndiye niliyemwitikia."

Nilikuwa nyuma ya Maganga Jumanne ile, mimi na nusu ya kitongoji. Nilijaribu kukumbuka kama kuna aliyelisema. Labda yuko aliyelisema, msiba una wazee wengi na neno lile huwatoka bila wao kujua. Nilimwuliza Kondo kwa macho. Kondo akatazama chini.

"Na amekuja, mama?" Mama Doreen akauliza. Nilitamani nimfinye.

"Amekuja, amekula, ameacha nusu. Amesema nikatibiwe mguu. Nimeshafunga mkoba wangu." Tukasikia mkoba ukiwekwa chini. "Lakini siwezi kufunga nyumba na kuacha chakula sahanini. Kwetu haifanywi. Kaeni mle mmalize, ndipo nitoke."

Kondo akafunua kawa. Bada na kambale wa nazi, upande mmoja mzima, upande mwingine umeliwa vizuri, kwa adabu, kama alavyo mtu asiyetaka kuchafua sinia. Mlango wa uani ulikuwa wazi tangu mchana. Paka wapo. Jirani wapo. Niliyafikiria yote hayo na hayakunisaidia kuunyoosha mkono.  Nikafikiria ule mguu nyuma ya pazia, ambao harufu yake ilikuwa inatufikia, nikanawa, nikakata tonge la kwanza.

Mama Doreen akasali kwa sauti ndogo, akanawa. Kisha Kondo. Maganga akawa wa mwisho. Tukalizunguka sinia tumeinamisha vichwa, na hakuna aliyesema kitu. Bada ilikuwa ya moto bado. Kambale alikuwa mtamu, na hilo nalo lilinitia hofu. Nilikuwa natazama sinia tu, mikono inaingia na kutoka. Mkono wangu, wa Mama Doreen wenye pete, wa Kondo, wa Maganga wenye makovu ya gesi. Na mkono mwingine upande wa mlango, mkavu, ukichukua kidogo kidogo pembeni. Nikafurahi. Nikajua Athumani amepata moyo, ameingia kula nasi, na nikasogea kidogo kumpa nafasi.

Nje, garini, Athumani akapiga honi.

Sikuinua kichwa. Maganga, aliyekuwa mkabala nami, hakuinua cha kwake. Tulitazama sinia mpaka likawa jeupe.

"Imekwisha?" Bi Chausiku akauliza.

"Imekwisha, mama," nikamjibu.

Pazia likasogea. Alitoka amejifunika mwili mzima, mkoba mkononi, anaburuta mguu. Mama Doreen akamshika upande mmoja na mimi upande mwingine, tukampeleka mpaka kwa mwanawe. Athumani alimbeba kama mtoto akamweka kiti cha mbele. Injini ikawaka kwa jaribio la kwanza. Mguu haukukatwa. Vidole viwili vilikwenda, na mwenyewe anasema vilikuwa vimeshamchosha. Maganga naye anatembea vizuri, mmemwona.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Jioni ile garini hatukuwa tunaongea. Taa zilikuwa zinamulika tope na mikorosho, na sisi wanne tumebanana nyuma, Maganga katikati. Tulipofika barabara kubwa Bi Chausiku aligeuza kichwa kidogo.

"Mmenifurahisha, wanangu," akasema. "Nilikuwa nawasikiliza. Mlikula kimya kabisa. Mmelelewa. Mtu mzima akiwa sahanini, watoto hawaongei."